Sindano Kabla ya Hotuba

Jumatatu, 11 Agosti

Jumamosi namwozesha Nusaiba, mwanangu wa pekee. Ndoa asubuhi, sherehe jioni, na hotuba ya baba ni jioni. Hapo ndipo penye ishu. Huu ugonjwa wangu wa misuli asubuhi unaniacha mzima, napiga randa Keko nzima inasikia. Ikifika alasiri kope la kushoto linashuka lenyewe, ulimi unakuwa mzito, sauti inatokea puani. Hospitali walishasema hauponi, unatulizwa kwa vidonge. Navimeza. Mke wangu Mwanaheri ananisimamia mpaka nifungue mdomo aone.

Leo shemeji Nurdin, kaka yake Mwanaheri, kaja na huruma zake. Eti nipumzike, hotuba ataitoa yeye. Mtu ambaye akishika kipaza sauti hata pilau inapoa! Nimekataa. Hotuba hiyo naingoja tangu mtoto anatambaa.

Jumanne, 12 Agosti

Njia imepatikana. Kawe kuna Dokta Apolonia, anachoma sindano za Kichina, nyembamba kama unywele. Kwanza kaniuliza hospitali wanasemaje. Akasema sindano zake ni za kusaidia tu, vidonge nisithubutu kuacha, na wengine zinawapa nafuu, wengine hawaoni kitu. Nikaomba moja ya ulimi. Kakataa. Kanichoma miguuni na mikononi, akaniambia nilale kimya. Mie, kimya! Nikamsimulia jinsi ya kuchagua mbao ya mninga mpaka akatoka nje.

Nimeshuka kitandani mwepesi. Nguvu mpya haiwekwi kabatini, kwa hiyo nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya karakana nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, halafu tena. Saa kumi sauti ikakata. Chai ikanitokea puani. Fundi mwenzangu Albano kaniuliza nimekunywa nini.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimerudi kwa Apolonia kulalamika kwamba sindano zake hazitunzi chaji. Kacheka. Kasema mie si simu, misuli ya kuongea inachoshwa na kuongea, basi niipumzishe. Mtaalamu mzima, ushauri ndo huo.

Nilikuwa na hila nyingine. Nurdin anaogopa sindano tangu utotoni, ukoo mzima unajua. Nikamshawishi twende wote, eti atapona mgongo. Hesabu yangu: ataona sindano, atatoka mbio, na kwa aibu hatanisogelea tena na hotuba yake. Wapi! Kalala na sindano zake, akakoroma. Kaamka mgongo umelainika, akanishukuru kwa machozi. Njiani kanisomea hotuba aliyoiandaa kwa dharura. Na ni nzuri. Ina kipande kuhusu usiku aliozaliwa Nusaiba ambacho ni mie nilipaswa kukisema. Imeniuma sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeapa kunyamaza hadi kesho jioni. Mwanaheri kanitazama mchana kutwa, halafu kaniuliza kwa upole kama Baba Nusaiba anaweza kuendelea hivihivi hata baada ya harusi.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuandika. Ndoa ilipita salama, nikasema yaliyonipasa tu, nikafunga tena mdomo. Kimya kilidumu mpaka mlango wa ukumbi. Hapo nikamkuta Nurdin na karatasi mfukoni, eti ya akiba. Nikamweleza. Nikamweleza kwa kirefu, mbele ya wapishi, kuhusu akiba na watu wanaoombea wenzao mabaya. Nilipoitwa mbele nilikuwa nimebakiwa na sauti ya mbu.

Nikasema, "Nusaiba, mwanangu." Basi. Kope la kushoto likashuka, la kulia likalifuata, mdomo ukagoma. Nikaona nimemwaibisha mwanangu mbele ya wakwe. Kisha shangazi mmoja akaangua kilio, akisema baba uchungu umemzidi. Meza ya kwanza ikafuata, ya pili ikafuata, hadi upande wa bwana harusi. Nusaiba, anayelijua hili kope kuliko daktari, akaja, akanishika kiwiko, akaninong'oneza kuwa amesikia yote. Hapo nikalia kwelikweli. Nurdin akapewa kipaza sauti, naye akalia kuliko bibi harusi. Karatasi haikutoka mfukoni.

Jumatatu, 18 Agosti

Simu tangu alfajiri. Wote wanasema hotuba kama ile hawajapata kuisikia. Jirani Kamugisha anaozesha Madale mwezi ujao, kaniomba neno moja tu kama lile. Nimemwahidi refu.

Siri nimeigundua: sindano. Nimempigia Apolonia kumpongeza. Kasema kilichonisaidia, kama kipo, ni kukaa kimya siku ile ya Ijumaa. Nimemweleza alipokosea, kisha nikampigia kila aliyekosa sherehe nikamsimulia mwanzo hadi mwisho. Sasa ni mchana. Kope liko chini, Mwanaheri anauliza nataka wali au ugali, nami namwonyesha sufuria kwa kidole.

Jioni hii naanza mazoezi ya Madale.