Safari Isiyo na Ulazima

Ilitangazwa kwa tarumbeta kwamba kuanzia mwezi huo petroli haitaadimika tena, kwa sababu itagawanywa. Kila raia, awe na gari au awe na miguu tu, alipewa kadi yenye pointi thelathini. Asiyezitumia angemuuzia anayezihitaji. Maskini watatajirika kwa kutokwenda popote, alieleza Mkurugenzi wa Mgao, na jambo hilo wana uzoefu nalo.

Mkurugenzi ndiye aliyebuni yote hayo, na kusema kweli alijipenda. Kifungu cha tisa kilimtoa machozi ya furaha: pointi hazihami kadi hadi kadi mpaka ulazima wa safari upitishwe kwa mhuri wake. Na ili walimwengu wasiseme anajipendelea, akaongeza kwamba mnunuzi akiwa yeye mwenyewe, mhuri atagonga muuzaji. Mwenye njaa akatae ana wazimu?

Basi ikafika siku ya yeye kuapishwa uwaziri, saa nne kamili, upande wa pili wa mji. Atakayechelewa, nafasi anapewa mwingine, na mwingine huyo alikwishakaa ukumbini tangu asubuhi. Kadi ya Mkurugenzi ilisoma sifuri. Jenereta ya kupoza sebule yake ilikuwa imezilamba pointi zote, na wasaidizi wake walikwishamaliza zao. Ofisi nzima ilibaki kadi moja iliyojaa, ya mama mfagizi.

Akamkalisha kiti cha wageni, akamjazia fomu kwa mkono wake, bei mara tatu. Mama akavaa miwani, akasoma taratibu. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Safari ya nini, baba?"

"Kuapishwa, mama yangu. Gonga tu hapo chini."

Mama akatoa mfukoni fomu nyingine iliyokunjwa. Mwezi uliopita aliomba pointi zake zihamie kwa jirani mwenye pikipiki, mkwewe apelekwe kujifungua. Ilikuwa imegongwa HAINA ULAZIMA, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa Mkurugenzi: "Watu walizaliwa tangu kabla ya petroli."

"Alijifungulia mtaroni," mama akasema. "Nilimshika mkono mimi. Sijasahau."

Mkurugenzi akatazama saa ya ukutani. Akajieleza sana, akasema yaliyopita si ndwele. Mama aliitikia kwa adabu huku akichagua mhuri. Ilikuwa miwili mezani. Ule wa INA ULAZIMA ulikuwa bado kwenye nailoni yake.

Akauchukua mwingine, akagonga. Kisha akanakili pembeni maneno ya fomu yake, akibadili neno moja tu:

"Watu waliapishwa tangu kabla ya petroli."