Mume wa Shairi Nambari Saba

Taifa lijulishwe: tangu mwaka ule Mwongozo ulipotolewa, hakuna shairi lililoruhusiwa kuingia darasani kabla Kamati Kuu ya Uchambuzi haijafika mahali penyewe na kuhakikisha kwamba yaliyosemwa yapo. Uongo ulikuwa umezidi. Mtu analia beti kumi, ukienda kwake unamkuta anacheka na majirani! Mwongozo ulikuwa mfupi: kisichothibitishwa na Kamati ni cha kubuni. Mwenyekiti aliuandika kwa mkono wake, na aliujivunia kama mtu aliyejenga daraja.

Siri ya mafanikio ya Kamati ilijulikana na wote: gari lake halikuwa na mafuta. Shairi lisilowapendeza wakubwa liliambiwa "subiri uhakiki", nalo likasubiri. Moja lililohusu mwezi lilikuwa bado linangoja usafiri.

Ndipo likaja shairi nambari saba. Majina ya watunzi hufichwa ndani ya bahasha, ili haki itendeke. Katibu, mama mtulivu asiyecheka ovyo, alilisoma mbele ya kikao:

*Uliahidi komeo, nafunga nyumba kwa jiwe,*
*Hujafika hadi leo, kuku wote kala mwewe,*
*Milango, kwa chako cheo, hufungui we mwenyewe,*
*Mume wangu, hebu njoo, tujue kama ni wewe.*

Mwenyekiti alilegeza tai shingoni. Komeo lile alilijua. Aliliahidi yeye, mguu mmoja nje mguu mmoja ndani, akimwambia mkewe, "Mwezi ujao nakuja nalo." Mwezi ujao huo ulikuwa sasa na umri wa miaka mitatu. Shairi likipita, kila mwanafunzi nchini atamchambua yeye kwa alama ishirini.

"Jiwe," alisema Mhadhiri, mtaalamu wa Kamati, "ni ishara ya ukoloni. Mwewe ni soko huria. Mume, bila shaka, ni serikali."

"Serikali haiambiwi 'hebu njoo'," alidakia Mwenyekiti. "Shairi hili linachonganisha kijiji na mji. Tena limetiwa chumvi. Mume gani mwenye cheo ataacha mkewe afunge nyumba kwa jiwe? Nataka uhakiki."

Akashusha pumzi. Likalale na wenzake.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema Katibu. "Tunaondoka kesho."

"Kwa mafuta gani?"

"Yale yako ya kwenda nyumbani likizo. Hujayagusa miaka yote hii, yamejaa stoo." Alifungua bahasha, akasoma mahali alikotoka mtunzi. "Kumbe si ndiko kwenu, Mheshimiwa?"

"Kule ni kukubwa," alisema Mwenyekiti.

Kesho yake alisafiri na miwani nyeusi. Walipofika uani, mbwa alimbwekea yeye tu, wengine akawaacha. Mkewe alitoka, mikono imejaa unga. Akawatazama mmoja mmoja, na macho yakakaa kidogo kwenye ile miwani.

"Karibuni jamani. Karibu, Mheshimiwa."

Neno hilo lilimchoma. Siku zote alimwita mume wangu.

Kazi ikaanza. Kuku: hakuna hata manyoya. Komeo: hakuna. Mhadhiri alijaribu kuinua ishara ya ukoloni ikamwangukia kidoleni, akasema huku machozi yakimlengalenga kwamba jiwe limethibitishwa.

"Amebaki mume," alisema Katibu. "Mama, yupo?"

Mwenyekiti aliomba kimoyomoyo aseme hapana.

"Mume? Hapana, dada. Huyo nilimtunga tu. Ukikaa peke yako unajitungia wa kusema naye."

Salama! Angeshukuru Mungu akapanda gari. Lakini aliangalia ndani, akaona kiti chake kimewekewa debe la mahindi.

"Mke wangu, jamani!" alipaza sauti, akavua miwani. "Mume ni mimi!"

Mhadhiri akasahau kidole.

"Hilo ni dai, Mheshimiwa," alisema Katibu kwa heshima. "Uthibitisho?"

"Mwiteni mbwa! Huyo tangu mdogo analala miguuni kwangu."

Mbwa akaitwa. Akabweka nusura akate kamba.

"Unayemsema alikufa," alisema mkewe. "Huyu ni mwanawe."

"Basi wewe, mama," Katibu alimgeukia, "unamtambua huyu?"

"Namtambua sana. Namsikia redioni."

Katibu hakucheka. "Kwa mujibu wa Mwongozo, mume ni wa kubuni. Shairi linasema hajafika, na kweli hajafika: limepita. Saini yako hapa, Mheshimiwa."

Angekataa vipi? Mwongozo ulikuwa wake. Alitia saini, kisha akamsogelea mkewe na kunong'ona: "Nilale leo, tuzungumze."

"Ulale?" Mkewe alirudi nyuma hatua. "Mwanamke niko peke yangu, Mheshimiwa. Watu watasema nini? Safari njema." Akaingia, akaurudisha mlango. Wote walisikia jiwe likiburutwa kwa ndani.

Dereva alikimbia kumfungulia mlango wa gari, kama ilivyo desturi.

"Acha," alisema Mwenyekiti kwa hasira. "Leo nafungua mwenyewe."

Akapapasa juu, akapapasa chini, asione pa kushika. Wajumbe wakatazama pembeni. Mwishowe dereva akamwambia polepole, "Samahani, mzee," akamfungulia.