Jino la Abeli

Abeli alipouona mgahawa wa Mama Generosa umejaa watumishi wenye vitambulisho shingoni, moyo ulimcheka. Mbele ya wateja wa heshima, mwenye mgahawa hulipa upesi ili kelele ziishe. Na kazi ya Abeli, tukikubali kuiita kazi, ilikuwa kudai fidia ya jino.

Pengo alikuwa nalo la kweli, mbele, juu. Jino lenyewe ndilo lililomtia hasara: mgahawa wa mwisho, kule Chimwaga, walimlipa wakabaki nalo. Sasa alitembea na jingine, alilolipata kwenye supu ya kichwa cha mbuzi. Leo alitaka laki tatu tu, aweke jino la bandia, astaafu, naye acheke mdomo wazi kama binadamu wengine.

Akaagiza wali maharage. Kijiko cha tatu, yowe!

"Mamaaa! Jino langu!" Akatema kokoto na jino mezani. "Mama, laki tatu, au namwita bwana afya sasa hivi!"

Mama Generosa akaja mbio. Bwana afya akija, mgahawa unafungwa. "Taratibu, mwanangu, tutaelewana," akasema, huku anafungua pochi.

Bahati mbaya, ya Abeli lakini, meza ya pili alikaa Mzee Gideoni, mfugaji wa Mpwapwa aliyekuja mjini kuuza mbuzi. Akaliokota jino, akaligeuza mara moja.

"Mbuzi huyu. Miaka mitatu hajafikisha."

"Mzee, hilo langu!"

"Lako? Hili ni la chini, kijana. Mbuzi juu hana meno ya mbele, na pengo lako liko juu."

Weee! Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Mama Generosa akafunga pochi.

"Kaa ule. Hutoki hapa mpaka umalize sahani, na utailipia."

Abeli akainama, akabugia haraka haraka apate kuondoka. Ka! Jiwe, na safari hii halikutoka mfukoni mwake. Jino lake moja, lililokuwa limelegea siku nyingi, likadondoka sahanini.

"Jamani, hili langu! Haki ya Mungu, langu!" Machozi yalimtoka, ya kweli kabisa.

Watu wakashika mbavu upya. Mzee Gideoni akaliokota, akalitazama kwa muda, kicheko kikamkauka.

"Mama, hili ni la mtu."

Abeli akamshika mzee mkono, almanusura ambusu. "Umesikia, mama? Umesikia?"

Mama Generosa alikuwa amesharudi nyuma hatua mbili, mwiko mkononi.

"La mtu? Mshenzi wewe! Umemng'oa nani?"