Kadi ya Picha Iliyokataa Kuchemka

Ijumaa, 9 Januari
Daktari kasema moyo wangu umechoka, niandike wasia. Mali sina. Naandika ungamo basi: kompyuta yangu ya mpakato haijawahi kuugua. Naiharibu mimi.

Kadi yake ya picha naiongezea kasi kupita kiwango cha kiwandani. Inachemka, skrini inajaa mistari ya kijani, inazima. Hapo napata haki ya kumpigia mwanangu Rauf, aliyeko Stuttgart. Hapa Iskandaria mwana ndiye humtafuta baba. Baba akipiga lazima awe na shida. Nami shida naitengeneza. Ijumaa mchana Rauf huingia kwenye mashine kutoka huko huko, anahangaika, mimi namtazama kwenye video upara unavyomwanza.

Leo nimeongeza kasi. Haikuzima. Nikaongeza tena. Feni ikakoroma kama paka aliyeshiba. Kumbe wiki iliyopita Rauf aliweka kiendeshi kipya, ile programu inayoiongoza kadi, nacho hakisikii amri zangu. Ameiponya! Mwanangu wa kumzaa!

Simu haikulia. Nimekula samaki peke yangu. Mwiba ukanikwama, hapakuwa na wa kunipiga mgongoni.

Jumamosi, 10 Januari
Nimerudisha kiendeshi cha zamani. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Ninao. Nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, imejisasisha yenyewe. Miaka yote niliyofundisha fizikia sikupata mwanafunzi mwenye bidii kama hii.

Jumapili, 11 Januari
Nimeifunika blanketi la sufu na kuwasha mchezo wa magari wenye picha nzito. Imepunguza mwendo yenyewe, ikaendelea. Aliyepata mafua ni mimi. Blanketi ni moja.

Sidqi wa ghorofa ya chini akaingia, akaikuta kitandani imefunikwa. Akauliza kama ina homa. Mwanawe humpigia kila jioni, naye huweka spika jengo zima lisikie.

"Ustadh Wagdi," akasema, "ikikusumbua niletee mie. Usimchoshe bashmuhandisi wa watu bure."

Rauf ni mhandisi, kweli. Lakini ni bashmuhandisi wangu, si wa watu. Nikamjibu kuwa mashine hainisumbui hata kidogo. Sijawahi kusema kweli kwa uchungu namna ile.

Jumanne, 13 Januari
Ushindi! Nimezima masasisho yote, nikarudisha kiendeshi cha zamani, nikapandisha kasi hadi mwisho. Harufu ya plastiki. Mistari ya kijani. Giza. Nikanyoa ndevu, nikaiwasha tena, nikampigia Rauf kwa sauti ya mgonjwa.

Akaingia kwenye mashine. Kisha akauliza ile programu ya kuongeza kasi, iliyobaki wazi katikati ya skrini, kaifungua nani. Nikamsingizia Sidqi. Mungu anisamehe, na Sidqi pia.

"Baba, mie najua tangu kiangazi."

Nikamuuliza mbona basi kaweka kiendeshi kipya.

"Naogopa utaungua humo ndani peke yako. Nikadhani utanipigia hata hivyo. Ijumaa nimekaa na simu mchana kutwa, hukupiga."

Nikasema nilikuwa na kazi. Kazi gani? Mwiba wa samaki.

"Nipigie tu, Baba. Si lazima kitu kiharibike."

Nikamwambia sawa, nimeelewa vizuri sana.

Ijumaa, 16 Januari
Nimevaa shati la pasi. Simu mezani. Rauf anangoja, najua. Nikajaribu maneno mbele ya kioo. Habari za huko? Ni baridi, kila mtu anajua. Umekula? Ana miaka hamsini. Nimekukumbuka? Mwalimu mkuu mstaafu hawezi kuanza hivyo, bila utangulizi.

Lazima pawe na jambo. Jambo dogo, lisilo na moto. Nikaiona modemu ya intaneti pale ukutani, taa zake zote zinawaka, nzima kabisa. Nikatafuta bisibisi. Nikalegeza hiki, nikachomoa kile. Taa zikafa moja moja. Kazi safi! Hata yeye atakuna kichwa.

Nikaketi, nikakohoa kidogo, nikampigia.

Haiendi. Simu zetu za Stuttgart hupitia humo humo kwenye modemu.

Nimejaribu kurudisha nilichochomoa. Kimebaki kipande sijui mahali pake. Jua limeondoka kwenye roshani na bado nimekaa na simu mkononi. Si kitu. Leo angalau sababu ninayo.