Radhi ya Chupa Mbili

"Jamani, nimelikoroga," alisema Baidoo, kofia mkononi kama mtu aliyechelewa msibani. "Na safari hii sijui nitalinywa vipi."

Pale kijiweni kwa Mansa muuza kenkei, madonge ya unga wa mahindi, njia panda ya Kojokrom, hakuna aliyeshtuka. Baidoo, waliyembatiza Spika kwa kuwa huongea hata akitafuna, alikuwa hakosi la kukoroga. Tawia akaendelea kusogeza kete zake kwenye drafti.

"Umemposea nani tena bila kumuuliza?"

"Hamkusikia redio asubuhi? Mama mmoja aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, mguu ukavunjika. Kaenda mahakamani, bima ya lile gari imeamriwa imlipe. Matibabu, kazi aliyoikosa, hadi maumivu!"

"Maumivu yanalipwa?" aliruka Breki, aliyekuwa akicheza drafti na Tawia, dereva wa pikipiki ya abiria aliyepewa jina hilo kwa sababu pikipiki yake haina. "Basi mimi tajiri. Mama mkwe wangu ana bima?"

"Nyamaza wewe," alisema Mansa. "Abiria wako wakishuka wanasujudu kwanza, ndiyo wanakumbuka kulipa."

Tawia akakohoa. Walimwita Wakili, si kwa kusomea sheria, ila kwa kuwa alishashtakiwa mara tatu na kushindwa zote.

"Sikilizeni. Kila gari lazima liwe na bima. Ukigongwa, unaidai. Ukifa, familia yako inaidai. Unataka ripoti ya polisi, vyeti vya daktari na mashahidi. Na usilale, maana dai nalo huzeeka likafa. Sasa wewe Spika unalia nini? Ato wako si kagongwa hapa hapa?"

Wote wakageuka kuangalia mtaro. Alama za matairi bado zilikuwepo. Ato, mtoto wa dada yake Baidoo, alikuwa wodini tangu Jumamosi, mguu umetundikwa. Ni fundi vigae, kazi yake yote ni ya kupiga magoti, na daktari kasema goti la kulia halitakunjika tena.

"Tatizo ni zile chupa," alisema Baidoo.

Jumatatu alfajiri, Quansah, mwenye pikapu iliyomgonga Ato, alituma wazee na chupa mbili za pombe kali kuomba radhi. Na kwa kuwa kwa mila yao mpwa ni wa mjomba, wazee wakaenda kwa Baidoo. Ukizifungua chupa, umesamehe. Na aliyesamehe haonekani tena kituo cha polisi.

"Si uzirudishe," alisema Mansa. "Mtu akiwa bado ana uchungu, anarudisha."

"Nirudishe nini? Ziko wapi?"

Breki akaangalia mawingu.

"Usiangalie juu, hazikupaa! Nani alisema, 'Mimina Spika, uchungu wako ni uchungu wetu'?"

"Nilikuwa nakufariji, kaka."

"Ulinifariji glasi nne! Na wewe Mansa?"

"Mimi nilichukua ya kuchulia goti tu."

"Ukalichulia kupitia kooni?"

Walicheka, Baidoo naye akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

"Dada yangu Araba kanifukuza wodini. Kaniambia, 'Kaka, umeuza goti la mwanangu kwa pombe.' Ato mwenyewe hakunilaumu. Kaniomba tu nimpelekee mwiko wake wa kazi, aushike."

Mansa akafunika sufuria taratibu. Tawia naye akaacha kete.

"Hebu ngoja. Chupa alileta nani?"

"Wazee wa Quansah."

"Bima ilileta chupa?"

"Bima ina wazee?"

"Basi umemsamehe Quansah, bima hujaisamehe. Tena Ato ni mtu mzima. Dai ni lake, si la mjomba wake. Na mahakama haiulizi nani kanywa nini."

Baidoo akamkumbatia mpaka drafti ikayumba. "Wakili! Ungeshinda hata kesi moja, leo ungekuwa jaji!"

"Subiri. Quansah atasema Ato ndiye aliyemwingilia njiani. Bila shahidi aliyeiona ile pikapu ikikata kona bila hata kuwasha indiketa, imekula kwenu."

"Mashahidi!" Baidoo akapiga kofi. "Si mlikuwepo nyote! Breki, ulipiga yowe mpaka mbuzi wakakimbia. Mansa, ulimwaga sufuria nzima. Na kila mkisimulia, pikapu inaongeza mwendo. Jana ilishakuwa ndege!"

Breki alianza kuifuta pikipiki ambayo hajawahi kuifuta tangu ainunue.

"Mimi na polisi, kaka... na pikipiki yenyewe ndiyo hii..."

"Radhi ya mtu tumeinywa," alinong'ona Mansa, kama anayeiambia sufuria. "Halafu twende tukamseme?"

Baidoo akamgeukia Tawia. Wakili alikuwa anasoma drafti kama hukumu.

"Dhambi ya chupa nibebesheni mimi," alisema Baidoo, akavaa kofia. "Ninyi semeni mlichokiona, basi. Kituo ndicho kile, ng'ambo ya barabara. Nani anainuka tuongozane?"

Tawia, bila kuinuka, akasogeza kete. Ilikuwa ya Breki, na Breki hakulalamika.