Simu Inayonisemea

Ijumaa, tarehe 3 Mei

Nina simu mpya. Naandika tena ili niamini: nina simu mpya. Mama ameileta jioni ndani ya boksi lake, na boksi lina harufu ya kiatu ambacho hakijavaliwa. Ni ya vitufe, nyeusi, nyepesi kama kipande cha sabuni. Vitufe vyote vinafanya kazi, hata cha kijani. Nimevibonyeza kimoja kimoja na kila kimoja kimeitika. Kioo bado kina nailoni yake ya kiwandani. Haitatoka nikiwa hai.

Ya zamani niliifunga kwa mpira ili betri isidondoke. Kitufe chake cha kijani kilikuwa kimezama, na kupokea simu nilitumia ncha ya kalamu. Watu wengi walikata kabla sijaipata kalamu. Sikusikitika. Mimi na kuongea na watu hatupatani. Kidato cha tatu mwalimu wa hesabu aliniandika sipo muhula mzima. Nilikuwepo kila siku. Niliitika kila siku.

Simu mpya ina tochi. Ina redio. Ina saa inayotaja saa kwa sauti. Betri, boksi linasema, hukaa siku kumi na tano. Sijui kitu kingine nyumbani kwetu kinachokaa siku kumi na tano.

Ile ya zamani amepewa Bibi, pamoja na mpira wake.

Halafu Mama akatoa sababu. Fundi wa mizani, mwenye karakana nyuma ya soko, anatafuta msichana wa kupokea simu na kuandika majina ya wateja kwenye daftari. Mama amempa namba yangu. Atapiga Jumatano asubuhi, na anataka kuongea na mimi mwenyewe. Nikimpendeza, nina kazi. Nisipompendeza, naenda kwa Shangazi kulea mapacha. Mapacha wana miaka miwili na wanauma.

Kazi ya kupokea simu. Mimi.

Nimewasha tochi, nikaizima, nikaiwasha. Ni tochi nzuri mno.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Majina yamebaki kwenye simu ya zamani! Laini yangu imekuja na majina mawili tu, la fundi cherehani na la huduma kwa wateja. Bibi ameweka laini yake mle, na amewarithi watu wangu wote.

Saa tano Mama akampigia Bibi kutoka kazini. Kioo kikaandika MAMA, kama nilivyoandika mimi zamani. Bibi akasoma. Mama yake yeye alifariki kabla sijazaliwa. Akavua kandambili. Akashika simu kwa mikono miwili, akabonyeza kwa kalamu kama nilivyomfundisha, akasema shikamoo. Na Mama, aliyekuwa na haraka zake, akaitikia marahaba kabla hajafikiri.

Mtu kumwitikia mama yake marahaba. Jioni Mama aliomba radhi mara tatu, mara ya mwisho akiwa amepiga magoti.

Nikajitolea kubadilisha lile jina. Bibi akasema nikithubutu kuligusa atanikata vidole. Alisema kufika neno la pili alishajua ni binti yake. Lakini lile neno la kwanza lilikuwa la kwake, na hajaitikiwa marahaba na mtu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

Nimekaa na hilo muda mrefu. Kitu kidogo vile, kimefungwa kwa mpira, kimemfanya Bibi awe mtoto wa mtu.

Mchana nikakuta kinasa sauti, chini kabisa kwenye menyu, baada ya kikokotoo. Nikasema jina langu. Nikabonyeza. Simu ikasema jina langu kwa sauti ya kifaranga aliyefunikwa ndoo. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya kumi na nne akatoka msichana mwingine. Mtulivu, ana adabu, anajua anachosema. Nilimsikiliza kwa heshima na nikamwonea wivu kidogo.

Halafu nikafikiri: si huyu ndiye aongee na fundi?

Jumapili, tarehe 5 Mei

Kikwazo. Nilimwomba Mama anipigie kutoka chumba cha pili, nikasema najaribu mtandao. Nikiwa nimepokea, kinasa sauti hakifunguki. Simu haiwezi kuwa sikio na mdomo kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo zinatakiwa simu mbili. Moja ipokee, nyingine iongee, nizishike uso kwa uso kama watu wanaonong'onezana. Kinasa sauti kiko kwenye mpya. Basi laini yangu irudi kwenye ile ya zamani. Maana yake nimepata simu mpya ili nipokelee simu kwenye ya zamani. Nimelipima wazo hilo kwa dakika nzima na sijaona kasoro.

Kasoro ni Bibi. Hatoi. Anasema watu waliomo mle ni wake sasa. Jana alimpigia rafiki yangu wa darasani, wakaongea nusu saa. Mimi na huyo rafiki hatujawahi kuvuka dakika mbili. Bibi ananiambia msichana ni mcheshi sana, na amenisalimia.

Nikabembeleza. Bibi akakaa kwenye kigoda chake na kutoa masharti. Kwanza, redio ya simu mpya iwe yake kila jioni. Pili, ile saa inayosema iwashwe, isikike kila saa, maana anapenda kuambiwa mambo bila kuuliza. Tatu, kama ni mchezo wa kumdanganya mwanamume mzima, na yeye awemo.

Nikakubali yote matatu. Sasa hivi simu imesema saa mbili kamili za usiku, na Bibi ameishukuru.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Siku mbili za kazi. Majibu matano yako tayari.

La kwanza: shikamoo, ndiyo, ndiye mimi. La pili: nilimaliza shule mwaka jana. La tatu: mwandiko wangu unasomeka, nimewahi kuandika ubao wa matangazo wa shule. La nne: kupokea simu nakuweza bila shida. La tano: naweza kuanza Jumatatu, asante sana. Kwenye la tatu Bibi anasikika akikohoa, lakini ni kikohozi cha mbali, cha mtu anayeheshimika.

Jioni tukafanya mazoezi. Bibi akawa fundi. Mama alikuwa jikoni na hakuelewa kwa nini mama yake anaongea sauti nzito chumbani. Bibi hakufuata mpango hata kidogo. Aliniuliza kama naogopa panya. Aliniuliza kama nimechumbiwa. Nilibonyeza la nne: kupokea simu nakuweza bila shida. Akacheka mpaka akalala chali. Akiwa amelala akaanza kumsema fundi, kwamba anamfahamu tangu kijana, kwamba yeye ndiye aliyetengeneza mizani ya duka la pale kona, na ndiyo maana sukari ya duka lile huisha kabla ya chai.

Nilipokwenda kuzima niligundua yote yamerekodiwa. Ni namba sita. Nitaifuta kesho, macho yanauma.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Sikufuta namba sita.

Simu ya zamani ililia saa nne kasoro dakika mbili. Nilikuwa nimekaa kitandani tangu alfajiri, kalamu mkononi, Bibi pembeni yangu amevaa khanga yake ya kutokea. Nikabonyeza kwa kalamu. Sauti ya mwanamume ikasema halo, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Nikabonyeza la kwanza. Msichana wangu akasema shikamoo, ndiyo, ndiye mimi. Fundi akaitikia marahaba. Akauliza habari za shule. La pili! Akauliza mwandiko. La tatu, na kikohozi! Sijui niandike vipi. Aliuliza kwa mpangilio ule ule, swali baada ya swali, kana kwamba alikuwa amekaa na sisi chumbani. Nilimtazama Bibi na Bibi akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwonea mtu yeyote wivu.

Hapo simu mpya ikatangaza kwa sauti ya juu kwamba sasa ni saa nne kamili.

Fundi akakatiza swali lake. Halafu akasema asante, saa yake ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika nane. Nikasikia kiti kikivutwa, akienda kuirekebisha. Aliporudi alikuwa amesahau alipoishia. Aliguna. Nikasikia karatasi. Mimi nikashikwa na hofu, nikabonyeza bila kutazama.

Ilikuwa namba sita. Bibi, kwa sauti nzito ya kiume, akamuuliza fundi wa mizani kama anaogopa panya. Kisha kama amechumbiwa. Kisha sukari. Nilibonyeza kila kitu. Ilizidi kuongea. Nilifika mpaka kwenye tochi na tochi ikawaka.

Nikapiga kelele. Mimi, kwa koo langu. Nikasema samahani mzee, huyo siye mimi, huyo ni bibi yangu, na yule wa kwanza ni mimi ila siyo sasa hivi, na nikamweleza kinasa sauti na simu mbili na kalamu na mapacha, bila kuvuta pumzi, mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikajua nimeshafika kwa Shangazi.

Fundi akasema yule msichana wa mwanzo hakumsikia vizuri, alikuwa akikisia tu, maana karakana ina nyundo na tupa za kukwangulia chuma siku nzima. Lakini huyu wa mwisho amemsikia kila neno. Huyo aje Jumatatu saa mbili. Halafu akasema, binti, mwambie bibi yako mizani ya duka la kona sikuitengeneza mimi. Akakata.

Bibi amesema anamwamini. Amesema mwanamume anayeshukuru saa ni mwanamume mzuri.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Nimepata kazi. Nimelala nayo, nimeamka nayo, bado ipo.

Usiku kucha nimetafakari kosa langu, na leo nimeliona wazi. Msichana wa kwenye simu hakusikika. Nilimrekodi kwa sauti ndogo mno.

Asubuhi nikaenda uani, nikarekodi upya yote kwa kupiga kelele. Kwenye la kwanza jirani alikuja mbio na ndoo ya maji. Kwenye la tatu walikuja wanne. Mama ameuliza kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nimemwambia ni mambo ya kazi.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Siku ya kwanza. Simu ya zamani imerudi kwa Bibi, imefungwa mpira mpya.

Karakana ni chumba kimoja kirefu. Mizani zimejaa kuta zote mbili, za mawe ya kupimia, za kuning'iniza, ile ya kliniki yenye kikapu cha kumpimia mtoto, na mishale yote imesimama kwenye sifuri. Nilisimama mlangoni. Sijawahi kuona vitu vingi hivyo vikikubaliana. Hata nilipumua taratibu, nisije nikaviinamisha.

Fundi ni mtu mrefu anayetembea kama anaomba samahani. Alinisalimia akitazama kifungo cha shati lake. Akanionyesha meza yangu, daftari, na simu ya mezani, nyeusi, nzito, mkono wake umepauka kwa viganja vya watu. Kando yake msumari, na kwenye msumari karatasi. Nikasoma. Moja, itikia salamu. Mbili, uliza shule. Tatu, uliza mwandiko. Nne, uliza kupokea simu. Tano, uliza lini. Tatu za kwanza zilikuwa na alama ya vema. Baada ya hapo kalamu ilikuwa imechora mstari mrefu mpaka nje ya karatasi.

Aliniona nikisoma. Masikio yake yakabadilika rangi. Akasema kwa shida kwamba simu hiyo humtoa jasho tangu siku ilipofungwa, na ndiyo maana akatafuta mtu.

Ikalia. Tukatazamana. Hakuna aliyesogea. Ikalia tena.

Nikainua mkono wa simu, nikausogezea simu mpya, nikabonyeza. Msichana wangu akapiga kelele kwamba hapa ni karakana ya mizani na anaomba jina. Hilo nililirekodi jana, la sita, mahali pa Bibi. Mteja akataja jina, hata akarudia herufi moja moja. Nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Fundi akaweka tupa chini. Akaja taratibu mpaka mezani. Aliitazama simu mpya, na nailoni yake, kama mtu anayeona mizani ya dhahabu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo nyundo moja tu ingeizika, kama hicho kitu kinaweza kuweka na sauti ya mtu mwingine.

Mchana wote tulirekodi. "Mizani yako bado, njoo Ijumaa." Mara ya kumi na tisa ikatoka vizuri. Alijisikiliza ameinamisha kichwa, kwa heshima, kama nilivyojisikiliza mimi. Akasema hakujua kwamba yeye ni mtu wa namna hiyo.

Limebaki tatizo moja. Wateja wengine huja kwa miguu. Saa tisa aliingia mama mmoja amekumbatia mizani yake, na mimi na fundi tukagongana nyuma ya kabati.

Lakini kuna dirisha, na chini ya dirisha kuna kibao cha kuwekea vitu. Nimelipima kabla ya kufunga. Pazia la mita mbili litatosha, na simu mpya itakaa nyuma yake vizuri sana.