Leseni ya Kumi na Mbili

Jumanne, 2 Septemba 2025
Kikao cha timu, uani kwa mwenyekiti wetu, Mama Elvire, hapa mtaani Nyakabiga. Leseni za wachezaji kwa msimu mpya ni kumi na mbili. Kumi na moja zina wenyewe. Imebaki moja, na tunaoigombea ni wawili: mimi na Loïc. Loïc ana miaka kumi na minane na miguu kama ngazi. Mimi nina thelathini na saba kwa mujibu wa karatasi zangu, ambazo nazo ni za zamani kidogo. Kocha Valéry akasema timu ya kikapu lazima ichanganye: wakongwe wawatulize vijana, vijana wakimbie badala ya wakongwe. Nikapiga makofi. Akaongeza kuwa wakongwe anao wawili tayari, labda wanatosha. Nikaacha kupiga makofi. Uamuzi Jumamosi.

Miaka kumi na tisa nimo kwenye timu hii. Nje ya timu, simu yangu hulia mtu akikosea namba.

Jumatano, 3 Septemba
Mazoezi. Nimemwita Loïc pembeni, nikamshauri kama kaka: mrefu kama yeye asing'ang'anie chini ya kikapu, arushe kutoka mbali. Hesabu yangu: atapoteza mipira yote, kocha atamchoka. Akarusha mitano. Ikaingia minne. Valéry akasimamisha mazoezi, akanisifu mbele ya wote kwa kulea vijana. Loïc akanishukuru, akaniita Papa Uthmani. Sina mtoto hata wa dawa. Goti linauma.

Alhamisi, 4 Septemba
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimepungua juu, ndani zimejaa. Mpango ni huu: Jumamosi, kabla kocha hajafungua mdomo, natangaza kwamba nastaafu. Mwenyewe. Kwa hiari. Watashtuka.

Kwetu mtu hawi mroho. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba, ukikaribishwa tena unasema asante, mara ya tatu ndipo unanawa mikono. Marehemu mama, Bi Khadidja, alinifunza hivyo kwa kofi. Hata unahodha niliopewa mwaka 2014 niliukataa mara mbili. Wakanibembeleza, nikaupokea kwa masikitiko makubwa. Basi nikisema naondoka, watanishika mkono. Nitakataa. Watanishika tena. Mara ya tatu, leseni mfukoni.

Jumamosi, 6 Septemba
Asubuhi kazi za jumuiya, tumezibua mtaro. Kisha kikao. Nikasimama. Nikasema mwili umechoka, wakati umefika, nawaachia vijana. Nikainamisha kichwa kumsubiri wa kwanza wa kunishika mkono.

Valéry akaja, akanishika kweli, kwa mikono yake yote miwili. Akasema nimemtua mzigo, siku tatu hakula vizuri akijiuliza ataniambiaje. Makofi. Nikasema, kwa sauti ndogo, kama kuna mwenye neno la kupinga, tuko hapa kusikilizana. Mama Elvire alikuwa na neno: sherehe ya kuniaga iwe kesho. Kamati ikaundwa papo hapo, watu saba. Mimi nikaombwa niwaazime viti vyangu vinne. Vitatu ni kama vipya, hakuna anayevikalia.

Kisu nilikinoa mwenyewe.

Jumapili, 7 Septemba
Sherehe. Mishikaki, ndizi za kuchoma, Fanta citron. Hotuba tisa. Mji huu mtu huagwa kwa hotuba hata akihamia mtaa wa pili. Zote zilinisifu, pamoja na ya Kelly, ambaye mwaka jana mzima hakunipa pasi moja. Nimepewa jezi yangu, namba nane, ndani ya fremu ya kioo. Yaani nisije nikaivaa.

Hotuba ya kumi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeuandaa mlango wa kurudia: kwamba timu ikinihitaji, mimi siko mbali. Wakapiga makofi, wakaanza kukusanya chupa. Loïc alikuwa analia. Labda kitunguu.

Jumanne, 9 Septemba
Saa kumi na moja jioni, saa ya mazoezi. Kutoka chumbani kwangu nasikia mpira ukidunda kwenye saruji. Kila mmoja namjua kwa mdundo wake. Katibu wetu, Benite, amenitoa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa heshima sana: ameandika kwamba kundi ni la wachezaji na kwamba Mungu anibariki. Nimeusoma ujumbe mara nne.

Viti vimerudi. Nimekalia kila kimoja kwa zamu. Nina upweke, basi, nimeandika. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi nalila peke yangu, na ugali umepoa.

Alhamisi, 11 Septemba
Loïc amekuja! Na baiskeli, na mkate. Nikachemsha chai, akakalia kiti cha pili. Akaeleza kwamba Valéry anatafuta msaidizi wa kuwafundisha wanaocheza chini ya kikapu, kila jioni, msimu mzima, na kwamba yeye ndiye aliyetaja jina langu.

"Mi najua kukimbia tu, Papa Uthmani," akasema. "Ile akili ya chini ya kikapu iko kwako. Kuja utufundishe."

Kila jioni! Moyo ulinidunda hadi nikaogopa atausikia. Lakini mtu hawi mroho. Nikamwambia apana, nimechoka, waniache nipumzike. Nikatazama dari, nikasubiri mara ya pili.

Akasema sawa, amenielewa, hawezi kumsumbua mutu mukubwa. Akashukuru kwa chai, akapanda baiskeli yake.

Kijana amelelewa vizuri, ndiyo maana hakunisukuma. Atarudi kesho kwa mara ya pili. Nimeosha vikombe viwili, na mlango nimeuacha wazi. Kesho nitakataa kwa upole zaidi, asije akakata tamaa kabla ya mara ya tatu.